Bastola ya Kwanza ya Upepo: Mwongozo kwa Mlenga Shabaha wa Wenje

Ikiwa wewe ni mkazi wa Wenje, au wa kijiji chochote kilichojipanga kandokando ya Mto Tana baina ya Hola na Garsen, na moyo wako umeshikwa na hamu ya kujifunza kulenga shabaha kwa bastola ya upepo, basi hamu hiyo ni njema na haina sababu ya kufichwa. Kwani huu ni mmoja wa michezo michache duniani isiyomtaka mtu awe na mbio, wala kimo, wala misuli, bali humtaka awe na pumzi tulivu, mkono wenye subira na jicho lisilojihadaa, sifa ambazo mvuvi wa kambare na mchunga ng'ombe wa nchi hii huzipata mapema katika kazi zao. Walakini bastola ya kwanza ikichaguliwa vibaya humzoeza mwenyewe makosa ambayo baadaye atatumia miaka kuyaondoa, seuze ikichaguliwa kinyume cha sheria, ambapo hasara yake haiishii kwenye shabaha.

Kwanza uujue mchezo wenyewe, maana chombo hufuata kazi. Mlengaji husimama mita 10 kutoka kwenye shabaha, akaishika bastola kwa mkono mmoja usioegemea kitu chochote, na mbele yake huwekwa karatasi ambayo duara lake jeusi lina upana wa milimita 59.5, na katikati ya weusi huo pana duara la kumi, lenye alama kubwa kuliko zote, ambalo upana wake ni milimita 11.5 tu. Katika mashindano makubwa hupigwa mapigo 60 kwa muda wa dakika 75, na tangu 2018 hesabu hiyo ni moja kwa wanaume na kwa wanawake, ambao kabla ya hapo walikuwa wakipewa mapigo 40. Mchezo huu uliingia katika Michezo ya Olimpiki mjini Seoul mwaka 1988, na waliotazama Michezo ya Paris ya 2024 watamkumbuka Yusuf Dikeç wa Uturuki, mtu wa makamo aliyesimama na fulana yake na miwani yake ya kawaida, mkono wa kushoto mfukoni, akatwaa medali ya fedha katika shindano la wawili wawili pamoja na Şevval İlayda Tarhan. Wengi walimdhania kuwa mwenye maringo. Kumbe mkono usioshika bastola hutiwa mfukoni au hushikizwa kwenye mshipi ili bega lisiyumbe, nawe utafundishwa vivyo hivyo.

Sasa, jambo la kutangulizwa si bei wala jina la mtengenezaji, bali ni idhini. Sheria ya Silaha ya Kenya, yaani Sura ya 114, inamkataza mtu kununua, kupata au kuwa na silaha au risasi zake bila ya cheti, na mamlaka ya kutoa vyeti hivyo imo mikononi mwa Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha. Utakutana na watu watakaokuambia kwamba upepo si baruti, na kwa hiyo bastola ya upepo ni kitu cha kuchezea watoto. Maneno hayo yaache yapite. Sheria haiulizi ni kitu gani kilichoisukuma risasi. Hutazama kama pana mtutu, na kama kinachotoka katika mtutu huo chaweza kudhuru, na punje ya risasi inayokwenda mita 120 kwa sekunde yaweza kulipofua jicho pasina shaka yoyote. Basi andika barua kabla ya kulipa hata senti moja: eleza wewe ni nani, ni chombo gani unachokitaka, kwa mchezo gani, utakihifadhi wapi na utakipigia wapi, ngoja jibu la maandishi, wala usiagize chombo kutoka ng'ambo kwa matumaini kwamba utajieleza mbele ya maofisa wa forodha kitakapofika. Uliza pia habari za punje zenyewe, kwa sababu katazo la sheria halikuishia kwenye silaha.

Nakushauri kwa nguvu ujiunge na chama cha walengaji kabla ya kuomba cheti. Kwa watu wa pwani kuna Bamburi Rifle Club ya Mombasa, na kwa wale wenye shughuli za Nairobi kuna uwanja wa Kirigiti ulioko Kiambu. Huko hutumika zaidi silaha za baruti, lakini adabu ya uwanja ni ile ile, na aliyeizoea adabu hiyo chini ya macho ya mwalimu ana ushahidi wa kuutoa anapoulizwa sababu ya ombi lake. Fauka ya hayo, ndiko mahali utakapoweza kushika vyombo vya watu wengine mkononi mwako, ukajua kwa yakini ni kipi kinachokukaa, na maarifa hayo hayapatikani kwa kutazama picha.

Pana sababu nyingine ya hadhari, nayo ni ya hapa petu. Kuanzia Agosti 2012 hadi mapema 2013 mapigano baina ya wakulima na wafugaji wa delta ya Tana yaliua watu zaidi ya mia moja, na majina ya Riketa, Chamwanamuma, Kilelengwani na Kipao hayajatoka katika nyoyo za waliofiwa. Mtu aliyepita katika msiba ule akiona bastola mkononi mwa jirani, jicho lake halioni mchezo. Kwa hiyo uwazi ni wajibu wako: mwone chifu, mwone mzee wa nyumba kumi, wape habari wazee wa Kipokomo na wa Kiorma na wa Kiwardei kwa usawa ili pasiwe na upande utakaodhani kuwa mwenzake anajizatiti, na ujitambulishe katika kituo cha polisi ukiwa na cheti chako mkononi. Chombo kisafirishwe ndani ya sanduku lililofungwa, kikiwa kitupu, wala kisichomekwe kiunoni hata kwa hatua kumi za kutoka nyumbani hadi uwanjani. Na hapa ndipo ushauri wangu wa kwanza juu ya uchaguzi unapozaliwa: chagua bastola yenye sura ya mchezo, ndefu, yenye kitako kipana cha mbao au cha plastiki kilichochongwa kwa kufuata kiganja, ambayo hata mtu aliye mbali ataiona kuwa si ya vita, wala usinunue kabisa zile zilizofanywa kwa mfano wa bastola za askari, ijapokuwa zina bei rahisi na zimejaa madukani ng'ambo. Mwenzetu anayeiona gizani hana njia ya kujua kwamba ndani mna upepo.

Tuje kwenye chombo chenyewe. Mnunuzi mgeni aghalabu huuliza nguvu, naye muuzaji humjibu kwa kumtajia kasi, kwa sababu kasi ni hesabu, na hesabu kubwa hupendeza. Lakini mita 10 ni masafa mafupi, na karatasi hutobolewa na nguvu ndogo mno. Kitu unachokitafuta ni usawa: kwamba pigo la kwanza la asubuhi na pigo la sitini la adhuhuri yasukumwe kwa nguvu ile ile, ili punje ikienda kombo ujue kuwa kosa ni la mkono wako na wala si la chombo. Mwanafunzi mwenye bastola isiyo sawa hana mwalimu, maana kila anapokosa hajui amlaumu nani. Ameshusha kifundo cha mkono, naye anadhani ni chombo. Chombo kimepoteza nguvu, naye anajisahihisha kosa asilolifanya. Nguvu waachie wengine.

Njia kuu za kuisukuma punje ni nne, na kila moja ina tabia yake katika joto na vumbi la nchi yetu.

Ya kwanza ni ya kamani. Ukiukunja mtutu au ukivuta wenzo wa ubavuni, kamani nzito hubanwa, na unapofyatua, kamani hiyo huirusha pistoni mbele, nayo pistoni huubana upepo ulio mbele yake hadi punje itoke. Haihitaji chupa wala gesi, na hudumu umri mrefu. Ila yake ni mrusho: pistoni huanza kwenda kabla punje haijatoka mtutuni, na bastola hutikisika wakati ule ule unapotakiwa utulivu. Wajerumani wa Feinwerkbau waliitatua ila hiyo kwa bastola yao ya 65, iliyotoka katika miaka ya 1960, ambayo sehemu yake ya juu huteleza nyuma kidogo inapofyatuliwa ili mkono usiupate mrusho. Na nyingi za zamani zingali zikipiga vizuri hata leo. Ukiipata moja iliyotunzwa, usiipuuze. Zile nyingine za kamani zisizo na maarifa hayo ziache kwa sasa.

Ya pili ni ya gesi ya kaboni dayoksaidi, inayotiwa katika vichupa vidogo vya chuma vyenye gramu 12 za gesi. Hizi ndizo zinazosifiwa sana kwa wepesi, na ndizo ninazokukataza kwa msisitizo mkubwa, kwa sababu hazikuumbiwa jua la Tana. Gesi hiyo, maadamu imo ndani ya kichupa katika ubaridi wa wastani, hukaa nusu maji na nusu mvuke, na mvuke wake husukuma kwa mkazo wa takriban bar 57 joto likiwa nyuzi 20 za sentigredi. Lakini joto likipanda, mkazo hupanda nalo, na likipita nyuzi 31 gesi hiyo huacha kabisa kuwa na hali ya maji, ikawa kitu kimoja kilichojaa chupa nzima, na mkazo wake kuanzia hapo hupanda kwa haraka. Mtu wa Ulaya huisoma habari hiyo kama jambo la nadra. Kwetu sisi nyuzi 31 hupitwa mchana mara nyingi sana katika mwaka, hata kivulini, seuze juu ya meza iliyopigwa na jua. Kisha ukifyatua mfululizo, gesi inayotoka huifanya chupa iwe baridi na mkazo ushuke tena. Hivyo pigo moja huenda juu na la pili chini, na usawa ule tuliouweka kuwa shabaha ya ununuzi wetu umepotea. Ongeza juu ya hayo kwamba kila kichupa kikiisha hutupwa, na kwamba hakuna duka la Garsen wala la Hola utakapokipata cha badala.

Ya tatu ni ya upepo uliobanwa kabla, uliomo ndani ya silinda iliyo chini ya mtutu, kwa mkazo wa bar 200 hivi, na ndiyo inayotumiwa na walengaji wakubwa wote wa zama hizi. Steyr ya Austria, Morini ya Uswisi, Pardini ya Italia, Walther na Feinwerkbau za Ujerumani, hizi ndizo zinazoonekana katika Olimpiki, na bei ya mojawapo ikiwa mpya aghalabu hupita euro 1,500. Uzuri wake haukanushiki: ndani mna kirekebisho kinachopima upepo wa kila pigo, hazina mrusho wa kusikika, na kifyatulio chake huitika mara wazo linapomaliza kupita. Lakini silinda hiyo yataka kujazwa, na kujaza kwataka ama mtungi mkubwa wa wazamiaji, ambao kwa mtu wa Wenje maana yake ni safari ya hadi kwa watu wa kuzamia wa Watamu na kurudi, ama pampu ya mkono ya mkazo mkubwa, ambayo hutoa jasho jingi na hutaka upepo mkavu usio na vumbi, neema ambayo bonde la mto halina. Tena watengenezaji huiwekea silinda muda wa miaka 10 tangu ilipoundwa, na baada ya hapo haifai kutumika. Hivyo ukiletewa bastola ya namna hii iliyokwisha tumiwa, kabla hujaishika, isome tarehe iliyochorwa kwenye silinda yake.

Ya nne, ambayo ndiyo niichaguayo kwa ajili yako, ni ya pampu ya mkupuo mmoja. Hufungua wenzo, ukaufunga mara moja tu, na tendo hilo moja hubana kiasi kile kile cha upepo kila mara, kwa kuwa chumba cha pampu hakiongezeki wala hakipungui. Haina chupa ya kuisha, haina silinda ya kupitwa na muda, haina mrusho wa kuyumbisha mkono, na upepo wake unatoka pale pale uliposimama. Tofauti ya nguvu baina ya pigo na pigo huwa ndogo kiasi cha kustahiwa hata na walengaji wakongwe, na kabla ya zile za upepo uliobanwa kushika uwanja, bastola za mkupuo mmoja zilisimama katika mashindano ya juu kabisa. Mathalan, kuna HW40 ya Weihrauch wa Ujerumani, nyepesi, ya bei ya wastani, yenye kifyatulio kizuri kuliko bei yake. Kuna Gamo Compact ya Uhispania, yenye kitako cha mbao kinachoweza kurekebishwa. Na kuna IZH-46M ya Izhevsk, Urusi, nzito na ndefu, ambayo walengaji wengi waliianzia na wengine hawakuona haja ya kuiacha. Taksiri ya aina hii ni kwamba kuufunga wenzo mara sitini ni kazi, na mwenye mkono mdogo aujaribu wenzo kwanza. Wala usikae na upepo umebanwa ndani huku ukizungumza na watu, maana mpira unaouzuia upepo huchoka. Hilo ni deni dogo kulilipa.

Sasa ukishaijua aina, itie mkononi. Bastola za mchezo haziruhusiwi kuzidi gramu 1,500, na nyingi huwa baina ya gramu 800 na 1,100. Kabla ya kununua, chukua pakiti ya sukari ya kilo moja, unyooshe mkono hadi mwisho wake usawa wa bega, uhesabu polepole hadi kumi na tano. Ukiona mkono unatetemeka kabla ya hesabu kwisha, anza na chombo chepesi, na ujizoeze kwa pakiti hiyo kila asubuhi mpaka bega likubali. Kitako kikujaze kiganja pasipo kukibana, na mkono uwe unakishika mahali pale pale kila mara bila ya kupapasa. Ukifumba macho, ukainua bastola kuelekea ukutani, kisha ukafumbua, unatakiwa uione imeelekea pale ulipokusudia. Ikiwa imeelekea kando, kitako hicho si chako hata kama mwenzako anakisifu.

Watu wa mkono wa kushoto waulize mapema, kwa kuwa vitako vilivyochongwa kwa mkono wa kulia haviwafai hata kidogo. Na aliyeumia mkono mmoja asikate tamaa ya kutumia wa pili: Károly Takács wa Hungaria, aliyeharibiwa mkono wa kulia na guruneti mwaka 1938, alijifunza upya kwa mkono wa kushoto akatwaa dhahabu ya bastola katika Olimpiki za London za 1948 na za Helsinki za 1952. Yake ilikuwa bastola ya baruti, lakini mkono ni mkono.

Alama za kulengea ndizo roho ya jambo, na hapa nakuomba usome taratibu. Mbele ya bastola pana kijiti, na nyuma pana kibao chenye pengo. Mlengaji hukiweka kijiti katikati ya pengo, mwanga wa kulia ukilingana na wa kushoto, na kichwa cha kijiti kikiwa sawa na mabega ya pengo. Chukulia kuwa umbali baina ya kijiti na pengo ni milimita 300. Masafa ya mita 10 ni mara 33 ya umbali huo. Basi kijiti kikikaa kombo ndani ya pengo kwa milimita 1 tu, punje yako itaangukia milimita 33 mbali na ulipokusudia, na kwa kuwa nusu ya upana wa weusi ni kasoro ya milimita 30, umetoka katika weusi wote. Lakini mkono mzima ukiyumba kwa milimita 1 huku kijiti na pengo vikiwa vimelingana sawasawa, punje itahama kwa milimita 1 ile ile na kumi yako yaweza kubaki kumi. Hii ndiyo sababu walimu husisitiza kwamba jicho likitazame kijiti kwa uwazi kamili na shabaha iachwe iwe ya ukungu, na ndiyo sababu yafaa uchague bastola yenye kijiti cheusi chenye kingo zilizonyooka na pengo linaloweza kurekebishwa kwa skrubu pande zote mbili, juu na chini, kulia na kushoto. Vile vijiti vya rangi ya kijani na nyekundu vinavyong'aa vimewekwa kwa kupendeza macho dukani. Kingo zake huchanganyika mbele ya shabaha. Ukipenda bastola yenye vijiti vya namna hiyo kwa sababu nyingine, uliza kama vinaweza kubadilishwa.

Kifyatulio nacho kichunguzwe kwa bidii. Kanuni ya mashindano yataka kisifyatuke kwa uzito ulio chini ya gramu 500, na wewe unaweza kukipima bila ya chombo maalumu: bastola ikiwa tupu, haina punje, imeelekezwa juu mahali pasipo na mtu, na muuzaji amekubali, tundika kwa uzi chupa ya maji ya nusu lita kwenye kifyatulio. Kikishikilia uzito huo kwa shida kidogo, kisha kikaachia ukiongeza kidogo, ni chema. Kikihitaji uzito wa chupa tatu, kitauvuta mkono wako upande kila unapokibana. Tena kiwe na safari fupi, kisimame mahali ambapo kidole kitapajua, kisha kiachie kwa usafi bila ya kukwaruza.

Mtutu uwe na mikato ya mzunguko ndani yake, inayoizungusha punje ili iende moja kwa moja, na kipenyo chake kiwe milimita 4.5, ambacho ndicho kipimo cha mchezo. Bastola zinazopiga marisau ya chuma, yale ya mviringo, huwa na mtutu laini, na mlengaji wa haki hana haja nazo. Zaidi ya hayo marisau hayo hugonga kitu kigumu yakarudi nyuma kumwelekea mpigaji. Wewe tumia punje za risasi zenye kichwa bapa, zenye uzito wa nusu gramu hivi, kwa kuwa zinakata karatasi kwa tundu safi la duara ambalo hesabu yake haibishaniwi. Jaribu punje za watengenezaji wawili watatu kabla ya kununua makopo mengi, maana mitutu ina mapenzi yake. Risasi ni sumu: osha mikono kwa sabuni kabla ya kumenya embe au kumshika mtoto, na usiziweke punje mdomoni kamwe.

Uwanja wako uwe mahali ambapo nyuma ya shabaha hapana njia, hapana dirisha, hapana bomba la maji wala kisima, na hasa hapaelekei mtoni. Kwani ukingo wa Tana una malka ambako ng'ombe hushushwa kunywa maji, una mitumbwi, una akina mama na watoto wenye ndoo, na punje iliyokosa shabaha huruka mamia ya mita kabla ya kuanguka. Ua uliozungushiwa ukuta ni bora, na ukumbi mrefu uliofungwa ni bora zaidi. Tengeneza sanduku la mbao nene, ulijaze mchanga mkavu kwa kina cha shubiri moja na nusu, ulifunike kwa kadibodi nzito upande wa mbele, na ubandike karatasi hapo, katikati yake ikiwa mita 1.40 kutoka chini. Vaeni miwani ya kukinga macho, wewe na kila aliyesimama nawe. Milango yote inayotokea mbele ya mstari wa mpigaji ifungwe, na pawe na mtu mmoja mwenye amri ya kusema simama, ambaye akisema, bastola zote huwekwa mezani zikiwa wazi.

Msitu usiuingie na chombo hiki. Hifadhi ya Nyani ya Mto Tana, iliyowekwa mwaka 1976, imepakana na maisha yenu, na ndani yake mna mbega mwekundu wa Tana na mangabei wa Tana, wanyama ambao hawako mahali pengine popote duniani ila katika misitu hii ya mto wa chini. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ina adhabu kali. Ila mimi nakuambia jambo lililo chini ya sheria hiyo: bastola ya upepo haina nguvu ya kuua papo hapo bali ina nguvu ya kujeruhi, na nyani au ndege atakayeondoka na punje mwilini atakufa polepole mahali usipomwona. Mlenga shabaha ana karatasi, na karatasi inatosha.

Ukinunua chombo kilichokwisha tumiwa, funga wenzo, ungoje dakika moja, kisha ufyatue kuelekea mchangani ukiwa na punje. Halafu rudia pasipo kungoja. Milio miwili ikitofautiana sana, mpira unavuja. Mpira hubadilishwa kwa bei ndogo, lakini uulize kabla ya kulipa kama unapatikana. Utazame pia mdomo wa mtutu chini ya mwanga, maana palipogongwa hapo hapatengenezeki kwa urahisi.

Nyumbani, bastola ikae ndani ya kisanduku cha chuma kilichofungwa kwa boliti ukutani, punje zikae mahali pengine, na ufunguo usijulikane na watoto. Kisanduku hicho kiwekwe juu, kupita alama ya maji ya mafuriko unayoyakumbuka. Waliohama na kuacha vitu vyao mwishoni mwa 2023 na tena Aprili na Mei 2024 wanajua mto ulifika wapi. Vumbi lifutwe kwa kitambaa kikavu, mpira upakwe tone la mafuta ya silikoni, na mafuta ya injini yasikaribie pampu wala mtutu, kwa sababu hula mpira, na katika bastola za kamani huweza hata kuwaka kwa joto la upepo uliobanwa.

Katika majuma ya mwanzo usiweke duara jeusi kabisa. Geuza karatasi, upige kwenye weupe mtupu, ukitazama kijiti na pengo peke yake na kukibana kifyatulio polepole hata pigo likutokee bila ya kulingoja. Piga matano matano, kisha nenda ukatazame yamekusanyika kwa upana gani. Yaandike mapigo hayo kwenye daftari pamoja na saa ya siku na hali ya upepo. Mkusanyiko ukiwa mpana, tatizo ni la mkono, wala usiguse skrubu ya pengo. Ukishakuwa mdogo kuliko kikombe cha kahawa, hata kama uko kando ya mahali ulipolenga, hapo ndipo uichukue bisibisi, uusogeze kidogo kidogo kuelekea katikati, kisha ubandike karatasi yenye duara.